Pedi Zisizo na Namba

Garissa, 6 Januari 2024

Shemeji Abdinasir,

Assalamu alaikum warahmatullah. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mama Batula magoti yanamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Amenituma nikwambie kwamba mtoto anayekaa wiki mbili bila kumpigia mama yake simu ajitafutie mama mwingine huko Nairobi. Nimefikisha. Wewe hujambo? Lul na watoto hawajambo?

Nakuandikia kwa karatasi maana ukinieleza mambo ya spea kwa simu, kabla sijamfikia Hanad nusu imeshanitoka. Na kaka yako unamjua, hapendi kuuliza. Probox imeanza kulia breki. Kila asubuhi anakwenda Balambala kuchukua maziwa ya ngamia, anarudi na mitungi na kina mama wenye maziwa yao, na tangu wiki iliyopita akikanyaga breki unasikia chuma kinasaga chuma. Matairi ya nyuma nayo yamekuwa laini kama kipara cha mwalimu wetu wa darasa la sita.

Spea za kampuni yenyewe hatuziwezi. Za bei nafuu zipo za kila rangi ya boksi, na kila mwenye duka anaapa kwamba zake ndizo. Wewe umo kwenye biashara hiyo miaka kumi sasa. Tuchague nini, na tutajuaje?

Shemeji yako,
Kaltuma


Nairobi, 11 Januari 2024

Shemeji Kaltuma,

Waalaikum salaam. Huku sote wazima, ila baridi. Mama nimempigia, amenigombeza dakika kumi na mbili, nimehesabu.

Kwanza, spea ya bei nafuu si dhambi. Zipo kampuni zinazotengeneza pedi nzuri za breki kwa nusu ya bei ya zile za kampuni ya gari, na Probox nyingi za Nairobi zinatembea nazo. Ubaya ni feki inayovishwa boksi la nzuri. Kwa hiyo usisome boksi, toa pedi uishike. Nzuri ni nzito. Bamba lake la chuma mgongoni limechongwa namba, nasema kuchongwa, si kupakwa rangi. Ukipitisha ukucha unaisikia. Kisha kwaruza lile tabaka linalobana diski: likitoa unga, au ukiona gundi imechungulia kati ya tabaka na chuma, rudisha. Isiyo na namba msiifunge hata mkipewa bure.

Tairi usiulize jina, uliza umri. Ubavuni kuna tarakimu nne kwenye alama yenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3516, huyo ni mzee, mwache hata kama meno yake yanang'aa. Tairi la mtumba lenye umri mdogo, lisilo na nyufa, halina neno. Ila angalia meno yasiwe yamechongwa upya kwa kisu.

Hapo Garissa nendeni kwa Korane, karibu na soko. Mzigo wake naujua. Msalimie kaka yangu, mwambie aulize, kuuliza hakuui.

Shemeji yako,
Abdinasir


Nairobi, 14 Februari 2024

Shemeji Kaltuma,

Assalamu alaikum. Nimefika Nairobi salama. Sijui nikuulize hali vipi. Lul analia tangu nilipoingia nyumbani. Hanad alikuwa kaka yangu wa pekee, na tangu tumzike sijala chakula kikashuka.

Nimeandika kwa sababu ya maneno uliyosema siku ya tatu ya msiba, mbele ya wazee. Ulisema utamtafuta aliyemuuzia Korane zile pedi hata akiwa chini ya ardhi. Watu wote walisikia. Shemeji, ajali ni qadari. Umeingia eda, tulia ndani na watoto, acha wazee wa ukoo wetu wakae na wazee wa Korane wafanye maslaha, wapatane. Mambo ya damu huku kwetu yanamalizwa hivyo, na kwenu Griftu pia.

Na huenda pedi hazikuwa na kosa. Hanad alikuwa anapakia kupita kiasi, sote tulijua.

Shemeji yako mwenye majonzi,
Abdinasir


Garissa, 9 Machi 2024

Shemeji,

Waalaikum salaam. Ramadhani inaingia wiki hii, Mungu atufikishe. Mama anakula kidogo. Ayan ameacha kuuliza baba atarudi lini, mdogo wake bado anauliza. Mimi sijambo. Nina hasira, na hasira inanilisha vizuri.

Umeandika kwamba alipakia kupita kiasi. Wale kina mama wawili waliokuwa naye wamenieleza. Siku ile alikuwa na mitungi sita tu. Alikuwa anateremka kwenye laga, mto wenyewe mkavu, na chini kulikuwa na lori limekwama kwenye mchanga. Alikanyaga breki mapema, hakuwa na haraka. Mguu ukaenda mpaka chini. Mmoja wao ananiambia Hanad alisema "Hapana" mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chai.

Fundi aliyevuta gari ameniletea magurudumu na pedi. Matairi nimeyasoma mwenyewe, tarakimu nne kama ulivyonifundisha, ya mwaka jana, hayana kosa. Pedi ya kushoto imebaki bamba tupu. Tabaka limeng'oka lote, na chini yake kuna gundi ya manjano kama uji uliokauka. Nimepitisha ukucha mgongoni, mbele na nyuma. Hakuna namba.

Siku aliyonunua nilimuuliza, "Umeangalia namba?" Akajibu, "Usiwe na wasiwasi," akacheka. Hakuangalia. Mume wangu aliambiwa kitu kimoja tu akiangalie na hakukiangalia, na nina hasira naye pia, Mungu anisamehe.

Wazee wamekaa. Korane amekula kiapo kwamba alinunua kwa nia njema Nairobi, kwa mtu anayemwamini, na hakutaja mtu. Wamekubaliana ngamia na mambo yamekwisha, wanasema. Kwangu hayajaanza. Sitaki pole na sitaki ngamia. Namtaka mtu aliyekaa kwenye kiti akaamua kwamba kitu hiki kitauzwa. Wewe uko huko Nairobi ndani ya biashara. Nitafutie jina lake.

Eda yangu inakwisha mwezi wa sita. Ninangoja.

Kaltuma, mke wa kaka yako


Nairobi, 22 Machi 2024

Shemeji,

Assalamu alaikum, na Ramadhani karimu. Nimeuliza. Wauzaji ni wengi, mzigo unapita mikono mitano, haiwezekani kujua. Tafadhali zitupe hizo pedi. Si vizuri watoto kuziona ndani ya nyumba.

Shemeji yako,
Abdinasir


Nairobi, 14 Juni 2024

Shemeji Kaltuma,

Assalamu alaikum. Najua barua zilikatika. Mwanzoni ni mafuriko, barabara ilipokatwa na maji pale Madogo, baadaye ni mimi tu. Natumaini Mama na watoto ni wazima. Nimesikia eda imekwisha, Mungu akulipe kwa subira.

Nitasema wazi, maana wewe hupendi kuzungukwa. Wazee wamenijia kwa jambo la dumaal, yaani ndugu wa marehemu amwoe mjane ili nyumba isivunjike. Kwenu Waborana pia desturi hii ipo, kwa hiyo sikufundishi kitu. Mimi nimekubali, na Lul ameridhia. Utabaki katika nyumba yako Garissa, nitakuwa nakuja. Sitakusumbua.

Nakuomba ulifikirie kama mama. Wazee wamesema wazi: ukikataa na kurudi kwa baba yako Griftu, Ayan na mdogo wake watabaki kwa ukoo wa baba yao. Sikuandika sheria hiyo. Lakini ndivyo ilivyo, na mimi nataka watoto wa kaka yangu walale chini ya mkono wa mama yao.

Ukikubali, basi na yale mengine yaishe. Hakuna nyumba inayojengwa juu ya kulipiza kisasi.

Abdinasir


Garissa, 2 Julai 2024

Shemeji,

Waalaikum salaam. Mama mzima, watoto wazima. Wewe na Lul mko vipi?

Barua yako ya dumaal nimeisoma mara tatu na nimeiweka. Nitaijibu. Kwanza nikueleze shughuli zangu.

Kila siku baada ya chai ya asubuhi nachukua mkeka, sinia, na ile pedi iliyobaki bamba tupu, nakwenda kukaa nje ya duka la Korane. Sikai mlangoni mwake, nakaa kwenye baraza la fundi cherehani jirani yake, aliyenipa ruhusa. Pedi naiweka katikati ya sinia. Sipigi kelele, simtukani mtu. Dereva akipita huuliza, "Mama, hii kitu gani?" Namwambia, "Hii ilimuua mume wangu, imenunuliwa mlango huo." Kisha namfundisha ulivyonifundisha wewe: uzito, namba, ukucha, gundi. Wengine wanatoa pedi zao ndani ya boksi hapo hapo wanazikwaruza. Jana wanne walirudisha walichonunua. Mmoja alikuja kutoka Masalani, amesikia huko kwamba Garissa kuna mwanamke anayesoma breki.

Siku ya tatu Korane alitoka akaniambia, "Mama Ayan, wewe nataka mimi funga duka? Tulifanya maslaha, bwana." Nikamwambia, "Maslaha mlifanya nyinyi. Mimi nilikuwa ndani." Siku ya tano alimtuma mke wake na maandazi. Nimeyala.

Nakuambia ukweli, shemeji, tangu Hanad afe sijawahi kulala vizuri kama wiki hii. Namwangalia yule mtu akihesabu nzi dukani mwake na moyo wangu unatulia.

Kaltuma


Nairobi, 8 Julai 2024

Kaltuma,

Assalamu alaikum. Ondoka pale dukani. Nakuomba, na kama nina haki ya kukuamuru basi nakuamuru. Korane ananipigia simu mchana na jioni. Unaaibisha ukoo uliokubali maslaha. Mtu huyo ana watoto. Umeshamwadhibu, sasa inatosha.

Nijibu jambo la dumaal. Wazee wanauliza.

Abdinasir


Garissa, 20 Julai 2024

Abdinasir,

Assalamu alaikum. Nakusalimia kwa kuwa salamu ni ya Mungu.

Nilipopata barua yako nilijiuliza kitu kimoja tu: Korane anakupigia wewe kwa nini? Wewe uko Nairobi. Duka ni lake, mkeka ni wangu. Kesho yake nilikwenda mapema kuliko siku zote.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu nianze kukaa pale. Korane alitoka na vikombe viwili vya chai, akaja kukaa chini, juu ya saruji, mtu mzima na kanzu yake nyeupe. Akaniambia, "Mama Ayan, mimi nimechoka. Nilikula kiapo jina sitataja, na jina sitataja. Wewe ingia ndani uangalie na macho yako." Akanifungulia stoo. Kulikuwa na gunia moja la pedi zimefungwa kwa magazeti, hazina boksi hata moja, na gunia la pili la maboksi mapya yamekunjwa, bado yananuka wino. Kijaluba cha risiti kilikuwa juu ya gunia. Nimeusoma mwandiko wako miaka mingi, Abdinasir, siwezi kuukosea.

Ulituma feki peke yake na maboksi mazuri peke yake, ili Garissa wazivishe wenyewe. Uliponiandikia mwezi wa kwanza nenda kwa Korane, ulidhani bado ana ule mzigo wa zamani, mzuri. Hukujua umeshakwisha. Nimekupima kwa haki, unaona. Sisemi ulitaka kumuua kaka yako. Nasema ulikuwa unaua watu usiowajua, na siku hiyo mmoja wao ulimjua. Na ulipoona gari limemuua ulijua saa ile ile ni nini, ukasimama kaburini ukanitazama, ukaja kuniandikia habari za qadari na mizigo mizito.

Na kuna hili, ambalo nilimuuliza Korane mwenyewe. Nilimuuliza kama Hanad aliangalia namba. Akasema, "Alitaka angalia. Alifungua boksi, akatoa moja. Mimi nikamwambia, huyu ni mzigo ya kaka yako, wewe unaangalia nini? Akacheka, akarudisha kwa boksi."

Miezi mitano nimemkasirikia marehemu kwa uvivu. Hakuwa mvivu. Aliambiwa ni zako, akaona aibu kuzikagua.

Sasa nakujibu la dumaal. Nimekubali. Umesoma sawa, nimekubali, na nimewaambia wazee na sheikh leo asubuhi, na wamefurahi. Meheri, yaani mahari, ni haki ya mwanamke kuitaja, sheikh mwenyewe amelithibitisha hilo, na nimeitaja mbele ya watu wanane. Sitaki ngamia wala dhahabu. Uje na gari lako mpaka Balambala. Hapo fundi atakufungia pedi nne kutoka gunia la Korane, mbele ya wazee wawili, na uendeshe mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, kwa njia ya laga. Ukifika, mimi ni mke wako na sitalitaja jambo hili tena maisha yangu yote. Wewe ndiye uliyeandika kwamba huenda pedi hazikuwa na kosa. Basi hakuna cha kuogopa.

Wazee walicheka kidogo, wakadhani ni mzaha wa mjane. Sheikh hakucheka. Aliuliza kwa nini pedi hizo. Nikamwambia, "Bwana harusi atawaeleza." Tarehe ni Jumamosi ya kumi na saba mwezi wa nane.

Mama sijamwambia kitu.

Kaltuma


Nairobi, 29 Julai 2024

Kaltuma,

Assalamu alaikum. Sijui nianzie wapi. Yote uliyoandika ni kweli. Mzigo ule nilikuwa nimeupata kwa mtu aliyefilisika, nikasema utauzika mara moja tu kisha basi. Kila nikifumba macho namwona Hanad na lile boksi.

Taja kitu kingine. Taja ngamia hamsini, nitauza duka. Nitakuja kukuomba radhi kwa magoti, tukiwa sisi wawili tu. Lakini usinifanyie hivi mbele ya mama yangu. Hana mtoto mwingine.

Abdinasir


Garissa, 22 Agosti 2024

Abdinasir,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Nakuandikia mambo ambayo hukuyaona Jumamosi, maana uliondoka mapema.

Sheikh na wazee walikuwa wameketi tangu saa tatu, na Mama alikuwa amevaa guntino yake mpya, amekaa mlangoni ili akuone wa kwanza. Alikuona unatembea kwa miguu kutoka stendi na begi begani. Uliposema gari liko gereji, wazee waliitikia. Ulipotaja ngamia hamsini, walikohoa kwa furaha. Ni sheikh aliyeuliza, "Na meheri aliyoitaja mwanamke?" Ulitazama miguu yako. Kisha ukasema unakwenda kuswali, na hukurudi. Korane anasema ulipanda basi la saa saba.

Wazee waliniuliza mimi. Nikasema sina la kusema, barua zipo. Nikazileta zote na nikaanza kusoma, naeleza kwa Kisomali ili Mama asikie. Sikuongeza neno na sikupunguza. Nilisoma ya kwanza yako, ile ya ukucha na namba, na wazee wakasema, huyu ameandika vizuri. Nikasoma ya qadari. Nikasoma ya kunitaka nizitupe pedi. Mama hakulia. Nilipofika kwenye ya mwisho, pale unaposema utauzika mara moja tu, aliinua mkono nikanyamaza.

Aliwaambia wazee hivi: dumaal imekufa leo, na mtu asiitaje tena nyumbani kwake. Wajukuu wake watakaa na mama yao, Garissa au Griftu au popote mama yao atakapotaka, na mzee mwenye neno aje kumwambia yeye, si mimi. Mzee mmoja alitaka kusema kwamba wewe sasa ndiye mtoto wake aliyebaki. Mama akamwambia avae viatu vyake aende zake.

Nilidhani imekwisha. Kwangu mimi ilikuwa imekwisha, nakuambia kweli. Watoto ninao, jina lako limejulikana, na Korane ameteketeza lile gunia mbele ya watu, ila pedi chache alizoniachia. Jumapili nilijikuta nimekaa bila hasira, nikawa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Lakini jana Mama aliniita akaniomba nimfundishe. Tumekaa mkekani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimempa pedi nzuri na pedi zako, macho yake hayaoni namba, lakini ukucha wake unaisikia vizuri kuliko wangu. Hajakosea hata moja. Amejifunza na maneno ya Kiswahili ya kuwaambia madereva wa Nairobi. Anayasema vibaya, ila wataelewa.

Tunakuja Jumatatu. Ameniuliza kama mbele ya duka lako kuna kivuli, nikamwambia sijui. Amesema usihangaike kumtafutia kiti, yeye ni mama yako, atakaa chini.

Mama wa watoto wa Hanad,
Kaltuma